Kulinganisha jeni za seli za ubongo: binadamu, mamoseti (tumbili wadogo) na panya

Ukimweka panya kando ya binadamu bila maandalizi, kompyuta itakutolea maelfu ya tofauti za utendaji wa jeni, na nyingi zitakuwa zimezaliwa maabara, si kwenye ubongo. Ili kuepuka hilo, mimi hufuata hatua hizi kwa data za gome la ubongo.

1. Uliza sampuli ilivyoandaliwa. Ubongo wa binadamu aghalabu hutoka kwenye friza, ndiyo maana husomwa viini vya seli tu. Wa panya huweza kuwa seli nzima mbichi, nazo zikitenganishwa kwa vimeng'enya hushtuka: jeni za mshtuko kama FOS na JUN zinapanda ghafla. Linganisha viini kwa viini, na hesabu introni pia (vipande vya RNA ambavyo baadaye hukatwa na kutupwa), kwa kuwa RNA nyingi ndani ya kiini bado haijakatwa.

2. Oanisha jeni. Jeni ya somatostatini, SST ya binadamu, ni Sst kwa panya, lakini kubadilisha herufi tu hakutoshi. Chukua kutoka Ensembl, hifadhidata ya jeni, orodha ya jeni zenye mwenza mmoja kwa mmoja. Zilizojirudufu weka kando. Usiifungue kwa Excel! Jina la zamani kama March1 (sasa Marchf1) litageuka tarehe mosi Machi.

3. Tambua seli za kila spishi peke yake, kwa jeni zinazotambulisha kila aina: SLC17A7 kwa nyuroni za kusisimua, GAD1 za kutuliza, AQP4 astrosaiti, PLP1 oligodendrosaiti.

4. Ndipo uunganishe data za spishi zote, kwa Seurat au Harmony. Programu hizi hupenda kuozesha watu kwa nguvu, yaani kuoanisha seli zisizofanana. Zijaribu: ondoa nyuroni zote za SST (aina ya nyuroni za kutuliza) za panya, uendeshe upya. Za binadamu zikiangukia kundi jingine bila aibu, punguza ukali wa muunganisho.

5. Jumlisha hesabu za RNA za kila aina ya seli kwa kila mtu au mnyama, kisha tumia edgeR, programu ya takwimu ya kupima tofauti za jeni. Watu watatu ni sampuli tatu, hata ukiwa na seli elfu arobaini. Mamoseti na panya wakifanana, binadamu akawa peke yake, huenda badiliko ni la ukoo wetu. Panya akiwa peke yake, hujui ni upande upi uliobadilika. Tafuta spishi ya nne.

6. Kabla ya kutangaza, tazama usomaji ghafi wa RNA. Niliwahi kushangilia siku mbili jeni "iliyozimika" kwa mamoseti. Kumbe vipande vyake vya RNA vilikuwepo tele, vimerundikana hatua chache nje ya mpaka wa jeni uliochorwa kwenye ramani.