Mteja aone kila kitu, kuanzia jina la tovuti

Ninyi mnaotengenezea watu tovuti hapa Kisumu, hasa mkiwa wawili watatu tu ofisini: jina la tovuti lisajilini kwa jina na barua pepe ya mteja mwenyewe tangu mwanzo. Jina la .co.ke hupatikana kupitia wakala aliyeidhinishwa na KeNIC, shirika linalosimamia majina ya .ke, na lazima lilipiwe tena muda wake ukiisha. Likikaa kwenye akaunti yenu, mwenye hoteli kule Dunga hajui linaisha lini. Mkikosana, hana pa kushika.

Risiti ya malipo hayo mpeni kama ilivyo. Kwenye ankara, gharama ya jina na ya kuhifadhi tovuti ziandikwe mbali na pesa yenu ya ufundi. Wateja wengi hawakatai bei kubwa, wanakataa bei wasiyoielewa.

Kazi yenyewe wekeni kwenye jedwali moja la Google Sheets analoweza kulifungua kwa simu: kazi gani, nani anaifanya, imefika wapi, inasubiri nini. Hiyo safu ya mwisho ndiyo dawa. Ikisomeka "tunasubiri picha za vyumba kutoka kwako tangu Jumatatu", simu za lawama zinapungua zenyewe. Na mabadiliko anayoyaomba kwa WhatsApp usiku (ataomba usiku tu) yahamishieni humo asubuhi, bei yake ikiwa kando, kabla hamjagusa chochote. Akiandika "sawa", anzeni.