Namna ya Kukagua na Kununua Gari la Mkononi

Gari la mkononi, yaani lile lililokwisha kutumika hapa hapa nchini na linalouzwa na mwenyewe, lina faida moja kubwa kuliko la yadi ya kuuzia magari: unaweza kumfuata mwuzaji nyumbani kwake, ukaliona gari mahali linapolala, na ukazungumza na mtu aliyekuwa akiliendesha kila siku. Wanunuzi wengi wa Dar es Salaam huipoteza faida hiyo kwa kukubali kuonyeshwa gari jioni, kando ya barabara, likiwa limeoshwa na injini ikiwa tayari ina moto. Nami nilifanya kosa hilo nilipokuwa nanunua gari langu la kwanza. Jioni ile liliunguruma vizuri, na sikuona sababu ya kusubiri; asubuhi yake nilipoliwasha uani, lilitoa moshi wa buluu uliofika hadi kwa jirani, na injini ilifunguliwa kabla mwezi haujaisha, kwa fedha niliyokuwa nimeitenga kwa ada ya watoto.

Kabla ya kwenda kuona gari lolote, panga fedha yako. Ukiwa na shilingi milioni 12, tafuta gari la milioni 9 au 10, kwa sababu kiasi kinachobaki kina kazi: kubadilisha umiliki, kukata bima, kununua oili na filta, na mara nyingi kubadilisha matairi au bushi ambazo mwuzaji aliziacha kwa kuwa alijua anauza. Dalali asikijue kiasi chote ulicho nacho, kwani ukimtajia milioni 12 hatakuonyesha tena gari la milioni 9. Vilevile pita Kariakoo kwenye maduka ya vipuri uulize bei ya shokomzoba, rejeta na taa ya mbele ya gari unalolitamani. Toyota IST, Vitz au Raum hutengenezwa na karibu kila fundi, na vipuri vyake, vipya kwa vya mtumba, hupatikana bila kuagizwa. Lakini gari la kifahari linalouzwa kwa bei ya kutupa mara nyingi limetupwa kwa sababu mwenyewe ameshindwa kulihudumia.

Herufi za namba ya gari zisikudanganye. Watu husema “ni namba E”, yaani ile ambayo herufi zake zinaanza na E, kana kwamba wametaja umri wa gari, ilhali herufi hizo huonyesha kipindi liliposajiliwa Tanzania tu. Gari lililotengenezwa mwaka 2004 likaletwa nchini miaka 18 baadaye litapata namba mpya kabisa, na mpira, nyaya na plastiki zake zitabaki kuwa za mwaka 2004. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi ya usajili wa gari, nao ndio wa kuujadili mnapopatana bei.

Siku ya ukaguzi, mwombe mwuzaji asiliwashe gari mpaka ufike, na ufike asubuhi ukiwa na fundi wako, si fundi aliyeletwa na dalali. Jambo la kwanza ni kuweka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto, basi gari limewashwa kabla hujafika, na ni vyema ukaomba kurudi siku nyingine bila kugombana na mtu. Ikiwa ni baridi, fungueni boneti, mtoe kijiti cha kupimia oili na mfungue mfuniko wa kujazia oili. Oili nyeusi ni ya kawaida kwa gari linalotumika, lakini oili yenye rangi ya chai ya maziwa, au utando wa rangi hiyo chini ya mfuniko, huashiria kwamba maji yamechanganyika na oili, na hapo gharama si ndogo. Kisha tazameni ndani ya rejeta, ambayo kamwe haifunguliwi injini ikiwa na moto: maji yenye rangi ya kutu yanaonyesha kwamba mwenye gari amekuwa akijaza maji ya bomba badala ya kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini.

Sasa washa swichi bila kuwasha injini, na uangalie dashibodi kwa makini. Taa ya cheki injini na ya mifuko ya hewa zinapaswa kuwaka kwanza, kisha zizimike baada ya injini kuwaka au sekunde chache kupita. Taa isiyowaka kabisa inatia shaka kuliko inayobaki ikiwaka, kwa kuwa wapo wanaoing’oa au kuiziba ili hitilafu isionekane. Injini ikiwaka, mtu mmoja asimame nyuma: moshi wa buluu ni oili inayoungua, na moshi mweupe mzito usiokoma ni maji yanayoingia kwenye silinda, tofauti na mvuke mwepesi wa asubuhi unaotoweka baada ya muda mfupi.

Kwa mji wenye mafuriko kama Dar es Salaam, kagua pia kama gari liliwahi kuzama. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake, kwa sababu sehemu inayokaa ndani huwa haisafishwi na huhifadhi alama ya maji ya matope; inua zulia, pitisha kidole kwenye reli za viti, na unuse. Kutu ndani ya gari ambalo nje linang’aa haina maelezo mengine mazuri. Matairi hayahitaji muda mrefu: tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT iliyo ubavuni husomwa kama wiki na mwaka, hivyo 2319 ni tairi la wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Barabarani, zima redio. Kata usukani hadi mwisho kulia na kushoto huku gari likitembea polepole, na usikilize mlio wa kugongagonga kwenye magurudumu ya mbele. Kwa gari la otomatiki, kanyaga breki, ingiza R (ya kurudi nyuma) kisha D (ya kwenda mbele). Gia inayochelewa kushika au inayoingia kwa kishindo ni sababu ya kutosha ya kuliacha gari hata kama mengine yote ni mazuri.

Nyaraka zinahitaji subira kubwa zaidi, kwa maana injini mbovu hutengenezeka, lakini gari lisilo la mwuzaji hunyang’anywa. Dai kadi halisi, si nakala wala picha ya simu, na ulinganishe namba ya chasisi na ya injini na zile zilizo kwenye gari lenyewe, ukizisoma tarakimu moja moja. Ukiambiwa kadi ipo kwa ndugu, ichukulie kuwa imewekwa rehani mpaka uione. Jina lililoandikwa ndilo la mtu anayepaswa kutia saini. Magari mengi yameuzwa mara mbili au tatu bila kubadilishwa umiliki, na kauli ya “mwenye jina yupo, nitakupigia” haitoshi. Ikiwa mwenye jina amefariki, anayeuza awe msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama, la sivyo warithi wengine watakufuata. Angalia pia madeni ya faini za barabarani kwa kutumia namba ya gari katika mfumo wa Jeshi la Polisi, na mkubaliane nani atayalipa.

Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, ukiwa na picha na vitambulisho vya pande zote mbili, na malipo yapite benki kwenda kwenye akaunti yenye jina lile lile la kwenye kadi. Mlipe dalali ujira mliopatana baada ya hapo, si kabla. Nenda na mwuzaji TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, mkaanze kubadilisha umiliki siku hiyo hiyo, kila mmoja akiwa na TIN yake, yaani namba ya mlipakodi, kisha ukate bima, ndogo au kubwa kadiri ya uwezo wako. Gari likishafika nyumbani, mwaga oili yote, weka mpya pamoja na filta, na uandike kwenye daftari kilomita zinazosomeka siku hiyo, hata kama mwuzaji alikuapia kwamba alibadilisha wiki iliyopita.