Kabla hujanunua gitaa la besi, livae kwanza

Nyuzi nne zinatosha. Ya tano huongeza sauti za chini, lakini huja na shingo pana na uzito zaidi. Iache kama nyimbo unazopiga haziihitaji.

Angalia urefu wa nyuzi kutoka nati (kipande chenye mifereji kati ya kichwa na shingo) hadi brigi (kinachobeba nyuzi kwenye mwili). Besi nyingi ni inchi 34. Kwa kipimo hicho, kutoka freti (chuma kinachokatiza shingo) ya 1 hadi ya 4 ni kama sentimita 13. Weka kidole cha shahada kwenye ya 1 na kidole kidogo kwenye ya 4, juu ya uzi mnene. Ukilazimika kukunja kiganja kwa nguvu, jaribu ya inchi 30, ambapo nafasi hiyo hushuka hadi sentimita 11 na nusu hivi. Nyuzi zake huwa legevu kidogo na sauti yake huwa nene. Upana wa shingo nao una mtu wake: besi aina ya Jazz Bass ya kampuni ya Fender ni kama milimita 38 kwenye nati, Precision Bass, nayo ya Fender, kwa kawaida huzidi hapo.

Sasa linaloliza wengi: kichwa kizito cha besi. Dukani mtu hukaa kwenye kiti, besi hutulia pajani, kila kitu kitamu. Siku ya mazoezi anasimama, anavaa mkanda, anaachia mkono wa kushoto, na kichwa kinaelekea sakafuni. Kuanzia hapo mkono huo unabeba shingo badala ya kupiga. Kufika wimbo wa tatu bega limepanda, dole gumba linakandamiza, kifundo kinauma, naye anadhani hana mazoezi. Kosa ni la umbo. Kitufe cha mkanda kwenye pembe ya juu kikifika usawa wa freti ya 12, besi hutulia. Pembe ikiwa fupi, shingo husogea mbali na mwili, na mashine nzito za kukazia nyuzi huivuta chini. Kwa hiyo nenda na mkanda wako, simama, achia mikono yote miwili. Mkanda mpana wa ngozi yenye ukakasi hupunguza tatizo, na mashine nyepesi husaidia zaidi kwa kuwa ziko mwisho kabisa wa shingo. Hata hivyo, bora kilo 4.5 zinazotulia kuliko 3.5 zinazoinama.

Sauti: pikapu (kifaa kinachonasa mtikisiko wa nyuzi) ya Precision iko katikati, imegawanywa vipande viwili, na haivumi ovyo. Jazz Bass ya kawaida ina mbili. Punguza sauti ya moja usikie mvumo, kisha zilinganishe zote uone unavyopotea. Besi yenye betri ya volti 9 chomoa waya ukimaliza, maana plagi ikiwa ndani betri inaendelea kuliwa.

Bana uzi mnene kwenye freti ya 1 na ya mwisho, kisha tazama mwanya karibu na ya 7: uwe mwembamba kama kadi ya biashara. Ukikosa mwanya kabisa, chuma cha ndani ya shingo kinahitaji kulegezwa, robo mzunguko kwa mara moja, kikigoma, usilazimishe. Piga kila freti, kila uzi. Zungusha nobu zote (vitufe vya sauti na toni) usikilize mikwaruzo. Jaribu kwa amplifaya ya besi, toni zikiwa katikati, na usimruhusu muuzaji akuongezee sauti za chini kwenye amplifaya wakati unasikiliza.