Dalali akikuficha mwenye nyumba, mwandikie chake kwanza

Kwa mnaosaka nyumba ya kununua Gungu, Mwanga au Ujiji hapa Kigoma: dalali akigoma kukukutanisha na mwenye nyumba, usibishane naye. Mwandikie karatasi kwamba asilimia mliyopatana atalipwa siku ya kusaini mauziano, mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Saini, mpe nakala. Wengi wanaficha kwa sababu walisharukwa: mnunuzi na mwenye nyumba walimalizana wenyewe, dalali akakosa chake. Akiwa na karatasi yake mfukoni, namba ya mwenye mali huwa haichelewi kutoka. (Hela ya kuzungushwa na bodaboda ni habari nyingine, hiyo mpe tu.)

Karatasi haisaidii kama ameweka cha juu, yaani ameongeza hela yake juu ya bei ya mwenye nyumba. Huyo haogopi kurukwa, anaogopa usisikie bei halisi, na karatasi ataikataa kwa visingizio. Hapo mwache, nenda kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa ukaulize nyumba ni ya nani. Wakikwambia ni ya urithi, mtafute msimamizi wa mirathi, si mtoto mmojawapo. Kama muuzaji ana ndoa, mtake na mwenza wake: Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa yake.