Somo: Floraidi kwenye gundi ya vyuma vya meno

Wazazi wengi wanaonijia hapa Tabora, watoto wao walifungwa vyuma Dar es Salaam au Mwanza. Hadi warudi kwa daktari aliyewafunga, wiki kadhaa zinapita, na mimi tabibu wa meno wa huku ndiye ninayeyaona madoa meupe yakizunguka braketi, vile vipande vidogo vinavyogandishwa kwenye jino kushika waya. Yanaweza kuanza ndani ya mwezi mmoja. Inaniuma, maana vyuma vinatolewa, meno yamenyooka, na doa linabaki.

Hatua ya 1: Uliza gundi kabla ya kufungwa. Gundi ya rezini (aina ya plastiki) ya kawaida hushika sana lakini haitoi floraidi, madini yanayolinda meno yasioze. Saruji ya glasi ayonoma, inayotokana na unga wa glasi na asidi, iliyotangazwa na Wilson na Kent wa Uingereza mwaka 1972, huitoa, ila braketi hubanduka kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana wengi huitumia kwenye pete za chuma zinazozungushwa kwenye magego. Katikati ipo glasi ayonoma iliyotiwa rezini. Kwa mtoto ambaye meno yake yameshaanza kuoza, mimi ningeomba hiyo ya katikati.

Hatua ya 2: Ijue kazi ya floraidi. Ukingoni mwa gundi ukoga hujikusanya, na ndani yake wamo bakteria waitwao Streptococcus mutans. Wanakula sukari, wanatoa asidi. pH, yaani kipimo cha asidi (ikishuka, asidi imezidi), ikifika chini ya 5.5 hivi, enameli, gamba gumu la nje la jino, huanza kupoteza madini. Sasa, asidi hiyohiyo inawageukia wenyewe: floraidi hushikana na haidrojeni ya asidi hiyo, na zikiwa pamoja hupenya kwenye bakteria bila shida. Ndani zinaachana. Floraidi inakizuia enolesi, kimeng'enya ambacho bakteria anakihitaji kuvunja sukari, na haidrojeni inamjaza asidi tumboni mwake. Kwa kiasi kinachotoka kwenye gundi, bakteria huyo kwa kawaida hafi. Anadhoofika, na asidi anayotoa inapungua. Pembeni ya hapo floraidi husaidia madini kurudi kwenye enameli, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote.

Hatua ya 3: Ichaji gundi kila siku. Hapa ndipo watu wanapokosea. Glasi ayonoma hutoa floraidi nyingi siku moja mbili za kwanza, kisha hushuka sana. Matokeo mazuri ya maabara hayaonekani kwa nguvu ileile mdomoni, kwenye mate na chakula. Lakini saruji hii ina sifa moja nzuri: hufyonza floraidi ya dawa ya meno, kisha huiachia tena polepole. Basi piga mswaki asubuhi na usiku kwa dawa yenye floraidi ppm (sehemu kwa milioni) 1000 hadi 1500, juu ya braketi na chini yake, siyo usoni pake tu. Tema povu, usisukutue kwa maji.

Hatua ya 4: Mara moja kwa wiki kausha jino kwa kitambaa safi, liangalie mwangani. Ukiona weupe kama chaki, njoo mapema tupake floraidi.

Maswali ya wanachama

*Mama kutoka Sikonge: Shikamoo daktari. Sisi ni wafuga nyuki. Asali si inaua bakteria? Binti yangu analamba kila jioni.*

Marahaba mama. Ni kweli asali ina uwezo huo, na ya kwenu naipenda. Lakini imejaa sukari, na inanata kwenye braketi. Ale pamoja na mlo, asilambe kidogokidogo jioni nzima, na apige mswaki kabla ya kulala.

*Baba kutoka Igunga: Mwanangu alikulia Singida, meno yana rangi ya kahawia kwa maji ya kisima yenye floraidi nyingi. Si ana floraidi ya kutosha?*

Hapana kaka. Rangi hiyo iliingia utotoni, enameli ilipokuwa inajengwa. Haiwazuii bakteria wa leo. Tena enameli ya namna hiyo, ikiwa imeathirika sana, haishikani vizuri na gundi. Mwambie daktari kabla hajaanza, ajipange.

*Kijana wa Kaliua: Braketi imebanduka, nyumbani tuna gundi ya viatu. Niipachike mwenyewe?*

Usithubutu, mdogo wangu. Kama bado inaning'inia kwenye waya, iache hapo. Ikitoka kabisa, ihifadhi kwenye kikopo. Ncha ya waya ikichoma shavu, bandika nta ya meno. Na pale ilipotoka pasafishe vizuri kuliko kwingine mpaka urudi kwa daktari.