Usaili wa kujiunga na masomo ya famasia: uliza kabla ya kujibu

Mimi ni mfamasia, na nimeshakaa kwenye jopo la usaili mara kadhaa. Kinachowaangusha vijana mbele yetu ndicho kinachowaangusha wafamasia wachanga kaunta: haraka ya kujibu.

Hatua ya 1: Jua aina ya usaili. Soma mwaliko vizuri. Huenda ukakaa na jopo la watu wawili watatu, au ukapitishwa kwenye vituo, mtindo uliotoka Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada. Hapo unasoma hali fulani mlangoni, unaingia, unaijadili kwa dakika 5 hadi 10, kisha unahamia chumba kingine kwa msaili mwingine. Ukivurunda kituo cha pili, msaili wa kituo cha tatu hana habari. Usimpelekee uso wa msiba.

Hatua ya 2: Tafuta sababu yenye dawa ndani yake. "Napenda kusaidia watu" hata muuguzi atasema. Omba ukae na mfamasia kazini, hata kwa siku moja, uangalie anaposita. Methotrexate ya baridi yabisi, kwa mfano, humezwa mara moja kwa wiki. Cheti cha dawa kikiandikwa "kila siku", mgonjwa anaweza kufa. Mfamasia hatoi, anampigia daktari simu. Tukio moja uliloshuhudia mwenyewe linatosha. Na tafadhali, usituambie famasia ni njia ya kupitia tu kwenda udaktari. (Wapo wanaosema!)

Hatua ya 3: Fanya mazoezi ya kuigiza. Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Mwombe rafiki awe mteja mwenye mafua anayeng'ang'ania antibayotiki. Wengi huanza mhadhara: mafua husababishwa na virusi, antibayotiki hupambana na bakteria. Ni kweli, ila mteja ameshanuna.

Anza na maswali. Dawa ni ya nani? Ameumwa siku ngapi? Anapumua vizuri? Ana mzio? Anatumia dawa gani nyingine? Swali hilo la mwisho lina thamani kubwa: huenda anameza vidonge viwili vya parasetamoli vya miligramu 500 mara nne kwa siku. Hizo ni gramu 4, kikomo cha mtu mzima. Dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli ndani. Akiongeza, anahatarisha ini. Hatutarajii uzijue namba hizo kabla hujasoma. Tunasubiri uulize.

Ukishauliza, eleza kwa lugha ya kawaida, kisha mwombe akurudie alichoelewa.

Hatua ya 4: Maswali ya maadili. Mwenzako ametoa dozi isiyo sahihi na anakusihi unyamaze. Utafanyaje? Mtafute mgonjwa kwanza, mwarifu daktari wake, kisha kosa liripotiwe, ikiwezekana na mwenzako mwenyewe. Anayeanza na adhabu ya mwenzake amemsahau mgonjwa.

Hatua ya 5: Siku yenyewe. Nguo nadhifu, ufike mapema. Kama ni kwa video, jaribu sauti na kamera jana yake. Majibu ya kukariri tunayatambua kwa mdundo wake.

Mwishoni utaulizwa kama una swali. Uliza unalotaka kujua kwa dhati, mathalani wanafunzi huanza lini mazoezi ya vitendo hospitalini. Karatasi yangu ya alama siifungi mpaka nisikie swali hilo.