Unauguza mzazi nyumbani? Pa kuanzia kutafuta msaada

Kama mama au baba kapigwa na kiharusi na wewe ndo unabaki naye nyumbani, usimtoe wodini kabla hujafundishwa. Siku ya kuruhusiwa kila mtu anawaza bili na usafiri, wewe mwambie nesi akuonyeshe kumgeuza, halafu mgeuze mwenyewe yeye akiwa anakuangalia. Asiyejigeuza anageuzwa kila masaa mawili, mto kati ya magoti, na uwe unapapasa visigino, nyonga na pale juu ya makalio, ukihisi pana joto au pamekuwa pagumu ujue kidonda kinakuja hapo. Ulizia na kumlisha, maana wengi wanapaliwa, akae wima kabisa wakati wa kula na asilazwe haraka. Wa mazoezi ya viungo naye akikubali mrekodi kwa simu.

Kabla hujatoka hapo ulizia ofisi ya ustawi wa jamii. Watu wengi wanajua ni ya kesi za ndoa na matunzo ya watoto, kumbe mle ndo wanashughulikia na walioshindwa gharama za matibabu. Kwa Tanzania Bara mzee ni kuanzia miaka 60, sera ipo toka 2003, na asiye na uwezo anatakiwa atibiwe bure, ila bila kitambulisho cha matibabu utazungushwa sana, so anza kwa mjumbe, nenda serikali ya mtaa upate barua, kisha ustawi wa jamii wa halmashauri. Beba picha ndogo za mzee na namba yake ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Ukiwa hapo mtaani ulizia pia mhudumu wa afya ngazi ya jamii ni nani, omba aje nyumbani. Zanzibar kuna pensheni jamii toka 2016 kwa waliofika miaka 70, hata kama mtu hakuwahi kuajiriwa.

Sasa ndugu. Hapa ndo pagumu na ndo penye msaada mkubwa kuliko ofisi zote. Ukiandika kwenye grupu la familia "jamani nimechoka" utajibiwa pole na dua, na wanamaanisha kabisa, ila hawajui washike wapi. Taja mtu, kitu na siku. "Kaka, pampasi za mwezi huu naomba ziwe zako." "Shangazi, naomba jumamosi ukae na mama toka asubuhi mpaka saa nane nilale." Piga hesabu ya mwezi mzima, dawa za presha, nauli ya kliniki, sabuni, iweke pale kila mtu aione, na kama wanakwepa mwombe baba mkubwa au mtu anayeheshimika kwenye ukoo aitishe kikao, usiwaitishe wewe mtaishia kugombana.

Na ukijikuta unamkaripia mgonjwa, au unalia kila usiku, usijione mtoto mbaya, umechoka jamani. Siku ya kliniki ya mama na wewe upimwe presha, na mwambie daktari wazi kwamba hulali.